Hodi Kabla ya Kiberiti

S.L.P. 172,
Kitengela.

14 Agosti 2004

Mpendwa mdogo wangu Ndolo,

Popote barua hii itakapokukuta, iwe meli imetia nanga au unayumbishwa na maji, natumaini umeipokea ukiwa mzima. Unalala? Unakula chakula cha kushiba? Na huo mgongo uliosema unakuuma kwa kuinama kutandika vitanda kila asubuhi, umepoa au unajikaza tu? Usinijibu kwamba uko sawa, kama kawaida yako. Niandikie mgongo uko vipi hasa.

Sisi hapa hatujambo. Baridi ya Agosti imetubana, na upepo wa Kitengela unaujua: unatoka huko mbugani bila kuzuiwa na chochote unakuja kuingia mpaka ndani ya sufuria. Mulei ana mafua lakini kazini anaenda. Kavutha ameota meno mawili ya mbele badala ya yale ya utoto, na sasa anacheka hata mahali pasipo na kichekesho ili watu wayaone. Baba bado yuko nasi tangu Juni kwa ajili ya macho yake. Jicho la kulia lilipasuliwa, bendeji ikatolewa wiki tatu zilizopita, na leo anaweza kumwona kuku ng'ambo ya barabara akakuambia ni jogoo. La kushoto linangojea Oktoba.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa, hata kama ni juu ya kitanda cha abiria ulichotoka kukitandika.

Baba amelitaja jina lako!

Ndolo, sijui hata nianzie wapi, mkono unakimbia kuliko kichwa. Amelitaja kwa mdomo wake, mbele ya watu, mchana, chai ikiwa mezani. Na ninakuomba usirukie ukurasa wa mwisho kutafuta alichosema. Nakujua vizuri, ulikuwa unasoma mwisho wa kitabu kabla ya mwanzo na kutuharibia sisi wengine hadithi. Safari hii fuata njia pamoja nami.

Miaka minne na nusu, jamani. Tangu ile asubuhi uliyobeba begi ukatoka nyumbani Mbooni kwenda melini, baada ya wiki nzima ya maneno, Baba akisema hajasomesha mwalimu ili akatandikie wageni vitanda. Tangu hapo umekuwa "yule". Kwenye maombi ya jioni anatutaja kwa kufuatana, Evalyne, Phylis, halafu ananyamaza kidogo, halafu anasema amina. Na akiona tu bahasha yako yenye stempu za nchi za watu, anachukua fimbo yake anatoka. Ndiyo maana uliponiuliza kama uje nyumbani Desemba au uweke sahihi mkataba mwingine wa mwaka, sikukujibu haraka. Ulisema wanataka jibu lako kabla ya Septemba kuisha. Ningekujibu nini? Njoo, halafu ulale wapi, na nani akufungulie mlango?

Basi sikia mambo yalivyogeuka. Yamegeuzwa na barua yako mwenyewe, ile uliyoandika habari za moshi.

Unaijua tumbaku ya Baba, ile ya shambani anayoisokota kwenye kipande cha gazeti. Na unamjua Baba na heshima zake. Kuishi kwa mkwe tu kunamwasha mwili, sembuse kuvuta sigara ndani ya nyumba ya mkwe! Hilo hatalifanya hata akifungwa kamba. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alihamia balkoni. Asubuhi yuko balkoni, saa nne yuko balkoni, jioni yuko balkoni na koti lake zito, akimtunzia Mulei heshima.

Lakini balkoni yetu na ya jirani ni moja iliyokatwa katikati kwa bati. Moshi haujui heshima za wakwe. Unapita juu ya bati na kuingia moja kwa moja chumba cha kulala cha Makokha na mkewe Lorine, wale wa Bungoma niliokuambia ni watu wazuri sana. Wana mtoto, Namalwa, wa miezi minane, ambaye alilazwa Machi kwa homa ya mapafu, na kifua chake mpaka leo kinalia akipumua. Upande wa chini nako vishungi vya sigara za Baba vilikuwa vinaanguka ovyo. Kimoja kilitua kwenye joho la kwaya la Mama Mumbi likiwa kambani, likatoboka hapa begani. Nililishona mimi mwenyewe, nikaomba msamaha mpaka nikaishiwa na maneno.

Lorine alivumilia wiki tatu. Halafu akanikuta kwenye ngazi nikitoka kazini, nimechoka na basi la Kajiado, akaniambia, "Mama Kavutha, mimi siko na ubaya na mzee wako. Lakini huyu mtoto akianza kukohoa, ni mimi nakimbia naye hospitali."

Nami, kwa aibu ninakuandikia hili, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama ni moshi si afunge dirisha. Akapanda ngazi akaniacha hapo. Kesho yake hakuniamkia, na wiki iliyofuata Makokha alikuwa ameanza kuuliza nyumba upande wa Athi River. Roho iliniuma, Ndolo. Nilijua Lorine alikuwa na haki, na nilimkaripia kwa sababu nilikuwa mwoga. Ningemwambia nini Baba? Wewe ungemwambia? Binti amwambie babake azime? Na Mulei usimtaje kabisa, huyo ni mkwe, hata kupiga chafya mbele ya Baba anaingia kwanza jikoni.

Hapo ndipo barua yako ilipofika. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, Mulei akaitoa mfukoni akiwa ameisahau tangu Ijumaa. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha balkoni, jicho limefungwa bendeji, mlango uko wazi. Nikaifungua nikijua atainuka kama kawaida. Lakini hakuinuka! Nikachungulia, nikaona kwa nini. Alikuwa ndiyo kwanza amewasha. Njia ya kutoka ni kupitia sebuleni kwetu, na hawezi kupita na moshi katika nyumba ya mkwe. Kuizima nako hakutaka, maana tumbaku ya shambani kwake si ya kutupa. Heshima yake mwenyewe ilikuwa imemfungia huko nje.

Basi shetani gani sijui, au ni malaika, akaniambia soma kwa sauti. Nikamwambia Mulei na Kavutha wakae. Nikasoma kama ninasoma Zaburi kanisani.

Nilisoma habari ya yule mzee mstaafu wa kwenye meli na yule mama wa chumba cha pili, ambao balkoni zao zimetengwa kwa ukuta mwembamba kama zetu. Jinsi mzee alivyokuwa anawasha sigara yake nene mama akiwa anakunywa chai ya asubuhi nje, na sheria ya meli inamruhusu, na mama akapiga simu mara nne kwa wakubwa, na mzee akaanza kuwasha mbili kwa makusudi. Jinsi wote wawili walivyokuita wewe, kila mmoja akitaka uwe shahidi wake. Hapo nikasikia kiti cha balkoni kinalia. Baba alikuwa amekigeuza upande wetu.

"Na huyo kijana akafanya nini?" akauliza kutoka nje.

Ndolo, umesikia? Huyo kijana! Nikaendelea kusoma kama sikushtuka. Nikasoma ulivyomwonyesha mzee bendera ya nyuma ya meli ili ajue upepo unaelekea wapi kabla ya kuwasha. Ulivyompa mkebe wenye mchanga, ukamweleza kwamba kishungi kikitupwa baharini upepo unakirudisha balkoni ya chini, na mwaka jana kilichoma taulo na kiti. Na ulivyomwomba abishe kwanza ule ukuta, taratibu, amuulize jirani kama ni wakati mzuri. Nikasoma maneno ya yule mama alipobishiwa mara ya kwanza, kwamba moshi angeuvumilia tangu siku ya kwanza, kilichomuuma ni kwamba hakubishiwa hodi.

Nikageuza ukurasa. Nikadhani Baba amelala.

"Rudia hapo," akasema. "Hapo pa hodi."

Nikarudia. Wakati wa kula Baba akatamka tu, bila kumtazama mtu, "Kumbe hiyo kazi si kutandika peke yake." Mulei akaniangalia, mimi nikaangalia sukuma wiki.

Jumanne nikiwa Kajiado ofisini, huku nyumbani mambo yakawa makubwa. Haya nimeyapata kwa Lorine. Alikuwa jikoni, mtoto mgongoni, akasikia bati la balkoni linanguruma, gwa, gwa, gwa! Alidhani ni wezi wanapanda mchana kweupe, akatoka mbio na mwiko wenye ugali. Akamkuta Baba upande wa pili amesimama wima, kofia mkononi, fimbo ndiyo aliyotumia kubisha.

"Hodi, jirani," Baba akamwambia. "Nauliza, upepo unakuja kwako ama unaenda?"

Lorine akashusha mwiko. "Unakuja, Babu."

"Na mtoto?"

"Ndiyo anataka kulala."

"Basi nitangojea."

Na akangojea kweli! Alikaa na msokoto wake nyuma ya sikio kuanzia saa nne mpaka saa tisa, upepo ulipogeuka. Baba yetu, ambaye hajawahi kungojea hata maji yachemke.

Jioni Lorine alibisha mlango wangu akicheka huku machozi yanamtoka. Nikamwomba msamaha pale pale mlangoni, kabla hajaketi, kwa lile neno langu la ngazini. Akasema yamekwisha. Halafu akataka kujua ni nani amemfunza mzee ustaarabu ule. Nikamwambia ni ndugu yangu wa melini. Alishangaa. Mwaka mzima sisi ni majirani, tunaombana chumvi, na hakujua niko na ndugu. Usiku huo nililifikiria jambo hilo sana, Ndolo, na nikaona sote tulikuwa tumejifunza ile kunyamaza kwa Baba kabla ya amina.

Tangu hapo hapa kwetu kumekuwa kama melini. Baba amefunga kipande cha karatasi ya nailoni ya buluu kwenye chuma cha balkoni ili aone upepo, maana bendera hatuna. Ana kopo la mafuta ya kupikia amelijaza mchanga, hakuna kishungi kinachoanguka tena. Kubisha amepunguza nguvu, siku hizi ni kwa kidole, mara tatu. Lorine naye akitoka na Namalwa kwenda sokoni anabisha upande wake, "Babu, tumetoka, balkoni ni yako!" Mama Mumbi wa chini ameiga, anagonga chuma kabla ya kukung'uta mkeka wake. Hata Mulei juzi alisimama mlangoni mwa sebule akauliza kama anaweza kufungua redio. Tulimcheka mpaka akaiacha.

Makokha hatafuti nyumba tena. Na Namalwa hajakohoa wiki mbili, namshukuru Mungu. Baba anambeba. Ndiyo, anambeba, akiwa ameosha mikono kwa sabuni na kuvua lile koti. Na siku za kumbeba anavuta mara moja tu.

Lakini kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni majivuno. Pale dukani wazee wanapokaa, Baba sasa ndiye mwalimu. Mtu akitupa kishungi anaambiwa, "Huko melini hawafanyi hivyo." Wakamwuliza amejulia wapi mambo ya melini, mtu wa Mbooni. Akawajibu, "Niko na mtu huko."

Niko na mtu huko! Mwenye duka ndiye aliyenisimulia, na nilinunua sabuni ambayo sikuihitaji ili arudie kusimulia.

Sasa tumefika. Jumapili iliyopita Lorine na Makokha walikuja kunywa chai. Baba kiti kikubwa, mtoto magotini. Lorine, ambaye hajui historia yetu wala mwiko wa nyumba hii, akauliza hivi hivi kama mtu anayeomba sukari, "Babu, huyo mtu wako wa meli anaitwa nani?"

Nilikuwa ninamimina chai. Nilimimina mpaka kikombe kikafurika, sahani ikafurika, kitambaa kikalowa. Mulei alitazama dari. Baba akamchezesha mtoto kidole.

"Ndolo," akasema. "Anaitwa Ndolo. Ni kitinda mimba wangu."

Nililia, ndugu yangu. Nilikimbilia jikoni kwa kisingizio cha kitambaa, nikalia huko. Baadaye nikampigia Mama, kwa ile simu ya mwenye duka la Mbooni. Alilia mpaka mwenye simu akaomba simu yake.

Na ile jioni kwenye maombi sikufumba macho, nilimwangalia. Evalyne. Phylis. Ndolo. Amina. Hakunyamaza hata kidogo katikati.

Jana aliniita balkoni, akaniambia nilete kalamu na karatasi. Aliyasema kwa Kikamba, polepole, nami nimeyageuza kwa Kiswahili cha barua tulichofundishwa shuleni, lakini sikuongeza neno.

Amesema hivi: "Mwambie kazi yake nimeielewa. Kupatanisha watu wazima si kazi ndogo, hata mwalimu angeshindwa. Na mwambie yule mama wa melini alisema kweli. Mimi sikukasirikia safari. Ningeivumilia. Ile asubuhi nilikuwa macho. Nilisikia akivaa, nikasikia akimuaga mamake. Nikavaa viatu, nikakaa kitandani nikingojea abishe mlango wangu. Nikasikia lango likifungwa."

Akatazama ile nailoni ya buluu. Nilidhani amemaliza. Halafu akasema, "Na mimi sikubisha kwake pia. Ningeweza kutoka. Nilikuwa nimeshavaa viatu."

Ndolo, mimi nilikuwepo siku ile, na sikujua. Ulifikiri amelala kwa hasira. Sote tulifikiri hivyo. Kumbe mlikuwa watu wawili wenye viatu miguuni, kila mmoja upande wake wa mlango.

Usiweke sahihi huo mkataba. Waambie Desemba una mahali pa kwenda. Mama ameshaanza kumnenepesha mbuzi ambaye hakuulizwa maoni. Phylis anakusalimu kutoka Machakos, anasema umletee shati la mabaharia. Mulei anakusalimu, Kavutha anakuonyesha meno yake, Lorine na Makokha wanakusalimu ingawa hawajakuona, na Namalwa kwa kifua chake kilichotulia anakushukuru. Mungu wa Baba na Mama akushikilie juu ya maji hayo yote, akutoe salama, akulete mpaka kwenye lango letu.

Nilipomaliza kuandika nilimpa Baba kalamu aweke jina lake. Akasema jicho moja halitoshi kwa herufi. Akaishika kalamu kama anavyoshika fimbo, akaigonga kwenye karatasi mara tatu. Akasema utaelewa, na kwamba safari hii ametangulia yeye. Nukta hizo hapo chini ni zake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni,

Evalyne

.   .   .